Mrututu, bao la kete na elektroni zisizotaka kukaa pamoja

Saa mbili asubuhi pale mwaloni Kirumba, mitumbwi ya dagaa ilikuwa imeshateremsha mzigo na fundi mmoja wa taa alikuwa amechuchumaa mbele ya betri tatu zilizotoka ziwani. Karabai zimepungua siku hizi. Mitumbwi mingi huvulia kwa taa za betri, na betri ikikaa na unyevu wiki kadhaa, shaba ya kwenye vichwa vyake huota ukoko wa rangi kati ya kijani na bluu. Fundi alikunja kipande cha msasa akaanza kukwangua. Unga ukamwagikia vidoleni.

"Mwalimu," akaniambia bila kuinua kichwa, "hebu nieleze kitu kimoja. Hii ni shaba. Na huu uchafu nao umetoka kwenye shaba hiyohiyo. Mbona shaba inapitisha umeme na huu unga haupitishi?"

Nilimjibu harakaharaka, kama ninavyowajibu kidato cha pili kengele ikikaribia kulia. Huo ni mrututu, nikasema, chumvi inayozaliwa asidi ya betri inapoila shaba, na chumvi kavu haina elektroni huru. Akaitikia "sawa Mwalimu" kwa sauti ya mtu ambaye hajaridhika, akaendelea kukwangua.

Hakukosea kutoridhika. Kusema kitu hakipitishi umeme kwa kuwa hakina elektroni huru ni kama kusema fulani hatembei kwa sababu miguu yake haisogei. Kinachotakiwa ni kujua nani kazifunga. Kila atomu ya shaba ndani ya ule unga imebaki na elektroni moja isiyo na mwenza, na kwa hesabu ya kawaida ya fizikia elektroni ya namna hiyo ilitakiwa izurure. Haizururi. Imefungwa na elektroni wenzake, kwa kusukumana tu. Na ukifuatilia msukumano huo hadi mwisho wake unafika kwenye hali moja ya ajabu ambayo wanafizikia wameibishania kwa nusu karne: kimiminika cha spini za kikwantamu.

Jina hilo linapotosha, na nitalirudia baadaye. Kwanza tuchukue bao.

Namaanisha bao la kete, lile la safu nne za mashimo manane manane, jumla mashimo 32. Wanaoanza hucheza bao la kujifunza, na hao huweka kete mbili kila shimo, jumla 64. Sasa weka kando sheria za mchezo. Chukulia kila shimo ni atomu na kila kete ni elektroni. Sheria tunayobaki nayo ni ya Wolfgang Pauli, ya mwaka 1925: shimo halibebi zaidi ya kete mbili, na hizo mbili lazima spini zake zipingane. Spini ni usumaku mdogo ambao kila elektroni inao tangu kuumbwa. Ukiupima kwa mstari wowote unaouchagua, utaukuta ama unaelekea juu ama chini, basi.

Bao likiwa na kete 64 limejaa. Hakuna kete inayoweza kuhamia shimo la jirani kwa sababu jirani naye amejaa. Hicho ni kihami cha kawaida, yaani kitu kisichopitisha umeme, na almasi ni mfano wake. Ondoa nusu ya kete zibaki 32, wastani wa moja kwa shimo, na nafasi zinakuwa tele. Kete zinaweza kuhama huku na huku, na ukiweka betri upande mmoja zitatiririka. Hiyo ni metali. Namna hii ya kufikiri, iliyoanzishwa na Felix Bloch mwaka 1928 na kukamilishwa na Alan Wilson mwaka 1931, haiulizi kitu kingine zaidi ya nafasi: ipo au haipo? Ni hesabu rahisi kiasi cha kutia aibu, na bado inaeleza shaba, alumini na silikoni vizuri mno.

Mwaka 1937, kwenye mkutano mjini Bristol, Waholanzi wawili, de Boer na Verwey, walileta kitu kilichoharibu sherehe. Walileta oksidi ya nikeli. Kwa hesabu ya nafasi, mashimo yake hayajajaa, kwa hiyo ilipaswa kuwa metali. Kwenye meza ya maabara ilikuwa kihami safi. Rudolf Peierls alitambua kinachokosekana: ile hesabu ilikuwa imezichukulia elektroni kama wapangaji wasiosalimiana, kila mmoja na maisha yake, ilhali elektroni zote zina chaji hasi na chaji za aina moja husukumana. Nevill Mott, aliyekuwa mwenyeji pale Bristol, akalishika wazo hilo na mwaka 1949 akalipa umbo ambalo hadi leo linabeba jina lake.

Tazama tena bao lenye kete 32. Pauli anaruhusu kete mbili shimo moja, lakini hajasema zinapendana. Elektroni mbili zikikaribiana umbali wa sehemu moja ya kumi ya nanomita, nishati ya kusukumana kwake ni kama elektronivolti 14 (elektronivolti ni kipimo cha nishati cha vitu vidogo kama atomu). Joto la mchana wa Mwanza, pamoja na ukali wake wote, huipa chembe wastani wa sehemu ya arobaini hivi ya elektronivolti moja. Ndani ya shaba safi msukumano huo hufunikwa na umati: elektroni ni nyingi, zimetawanyika, na kila moja inakingwa na nyingine. Katika oksidi na chumvi nyingi, elektroni inakaa kwenye kiota kidogo karibu na atomu yake, na kinga hiyo inapungua sana.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayovutana. La kwanza nitaliita faini: gharama ya kete mbili kukaa shimo moja. La pili ni hamu: elektroni kwa asili yake ya kikwantamu hupunguza nishati yake inapotanda kwenye mashimo mengi badala ya kubanwa kwenye moja. John Hubbard aliyaandika mambo haya mawili katika mlinganyo mmoja mwaka 1963, na mlinganyo huo mfupi umewatoa jasho watu wengi kuliko urefu wake unavyoonyesha. Faini ikiwa ndogo kuliko hamu, una metali. Faini ikiwa kubwa mno, kila kete inajikalia kwenye shimo lake, moja moja, kwani kusogea popote ni kuingia kwa mtu na kulipa faini. Mashimo hayajajaa, nafasi ziko 32 nyingine, na hakuna anayesogea. Hicho ndicho kihami cha Mott, na unga wa fundi wangu ni wa ukoo huo.

Vitabu vingi huishia hapa. Kwangu mimi, sehemu tamu ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu msukumano umefunga chaji tu. Spini hazijafungwa na kitu.

Kila shimo lina kete moja, na kila kete ina spini yake inayoweza kuelekea juu au chini. Je, zinajuana? Zinajuana, kwa njia ya kuchungulia. Fizikia ya kwantamu huiruhusu elektroni kukopa nishati kwa muda mfupi sana: inaingia kwa jirani, inachungulia, inarudi. Mkopo huo huipunguzia nishati kidogo, kwa hiyo inapenda kuufanya. Lakini Pauli yuko mlangoni. Kama jirani ana spini inayofanana na ya mgeni, mlango haufunguki. Kama zinapingana, karibu ndani. Matokeo yake ni kwamba majirani hupendelea kupingana, mmoja juu mwingine chini, na nguvu ya upendeleo huo ni hamu mara hamu, mara nne, gawanya kwa faini. Yaani faini ikizidi kupanda, kuchungulia kunapungua na spini zinazidi kupuuzana.

Kwenye bao la mashimo yaliyopangwa mraba kupingana ni kazi rahisi. Juu, chini, juu, chini, kama rangi za ubao wa drafti. Poza kitu hicho vya kutosha na spini zake zitajipanga hivyo na kutulia. Louis Néel ndiye aliyeutabiri mpangilio huu, akapewa Nobel mwaka 1970. Huo ni ugandamano wa spini, sawa na maji kuwa barafu.

Sasa hamisha atomu ziwe katika pembetatu. Mtu yeyote aliyewahi kupikia kuni anajua mafiga ni matatu. Sema kila figa lina spini na kila moja linataka kumpinga jirani. La kwanza lielekee juu, la pili chini. La tatu lielekee wapi? Likienda juu linafanana na la kwanza, likienda chini linafanana na la pili. Hakuna jibu linaloridhisha wote. Gregory Wannier alipiga hesabu ya pembetatu za namna hii mwaka 1950, kwa spini zinazojua juu na chini pekee, akakuta kwamba hata kwenye sifuri kamili ya joto hazipati mpangilio mmoja wa kutulia. Spini za kweli zina ujanja zaidi: zinaweza kugeuka upande, zikaachana digrii 120, kama ndimi tatu za moto zinavyotokeza kwenye nafasi kati ya mafiga. Ni suluhu ya shingo upande. Kila mmoja anapata nusu ya alichotaka.

Mwaka 1973 Philip Anderson aliuliza swali ambalo leo linaonekana la wazi lakini wakati ule halikuwa. Kwa nini spini zikubali suluhu hiyo mbovu? Kwa nini zisioane wawili wawili?

Elektroni mbili zikioana kwa namna inayoitwa singleti, spini zake hufutana kabisa. Huwezi kusema ipi iko juu na ipi iko chini. Unajua tu kwamba zinapingana. Kupingana huku ni kamili, na kunalipa mara tatu ya kupingana kwa kawaida kwa mshale mmoja juu na mwingine chini. Tatizo ni wivu wa ndoa: aliyeoana na huyu hapati chochote kwa majirani wengine. Basi tupige hesabu, maana hapa hesabu inasema kuliko maneno. Nguvu ya upendeleo tuiite 1. Kwenye mraba, mpangilio wa Néel, spini zikichukuliwa kama mishale ya kawaida, unapunguza nishati kwa 0.5 kwa kila spini, na ndoa zinapunguza kwa 0.375. Néel anashinda bila jasho. Kwenye pembetatu, ule mpangilio wa digrii 120 unatoa 0.375. Na ndoa? 0.375. Sare kamili.

Nilipoiona sare hiyo mara ya kwanza nilirudia hesabu nikidhani nimekosea mahali. Anderson aliona kwamba ndoa zina karata moja zaidi mkononi. Ndoa zinaweza kupangwa kwa njia nyingi. Kwenye bao letu la mashimo 32 tu, bila kuhesabu mlalo wa pembetatu, kuna njia 2,245 za kuwaoanisha wote na majirani zao pasipo kumwacha mtu. Kwenye punje ya fuwele idadi hiyo haina jina. Na kwantamu haikulazimishi uchague moja. Kitu kinaweza kuwa katika njia zote kwa pamoja, kikicheza kutoka ndoa hizi hadi zile, na mchezo huo wenyewe hupunguza nishati. Spini zinakuwa zimefungamana zote, mwisho hadi mwisho wa fuwele, na bado hakuna hata moja yenye mwelekeo wa kudumu.

Hicho ndicho kimiminika. Jiwe lenyewe ni kavu na gumu, atomu zake hazitiririki hata kidogo, ndiyo maana nasema jina linapotosha. Kinachokataa kuganda ni mwelekeo wa spini. Ukitaka ndugu yake wa kweli, fikiria heli, ambayo kwa shinikizo la kawaida hubaki kimiminika hata uipoze kiasi gani, kwa sababu mtikisiko wa kikwantamu hauiachi itulie. Spini hizi nazo ziko hivyo.

Hapa nitamsema Anderson kidogo, ingawa aligawana Nobel na Mott na Van Vleck mwaka 1977. Kwa ile pembetatu aliyoichagua, yenye kuchungulia kwa majirani wa karibu pekee, alikosea. Kompyuta zilipopata nguvu ya kutosha ilionekana kwamba mpangilio wa digrii 120 nao una mtikisiko wake unaoupunguzia nishati, na unashinda. Mafiga yanakubali suluhu ya shingo upande baada ya yote.

Wazo halikufa, na sababu ya kutokufa kwake ndiyo kiini cha habari hii. Hesabu iliyomwangusha Anderson inachukulia kwamba faini ni kubwa mno, elektroni zimefungwa kabisa, na kinachobaki ni kuchungulia kwa jirani na kurudi. Lakini punguza faini polepole. Rudi karibu na mpaka wa metali bila kuuvuka. Chaji bado zimefungwa, umeme haupiti, ila sasa mkopo umekuwa nafuu. Elektroni haichungulii mlango mmoja tu. Zinaweza kubadilishana nafasi tatu au nne kwa mzunguko, kila moja ikisogea kwa mwenzake hadi duara lijifunge, kama watoto wanaozunguka nyumba na kurudi walipoanzia. Mizunguko hiyo inavuruga ile digrii 120. Olexei Motrunich alionyesha mwaka 2005 kwamba mizunguko ikiwa na nguvu ya kutosha, mpangilio unavunjika na kimiminika kinapata makazi.

Mwaka 2020 Aaron Szasz na wenzake wa Berkeley waliuweka mlinganyo wa Hubbard kwenye pembetatu wakaachia kompyuta ipandishe faini hatua kwa hatua. Faini ilipokuwa chini ya karibu mara 8.5 ya hamu, walipata metali. Ilipopita karibu mara 10.6, walipata spini zilizopangika. Katikati, kwenye ukanda huo mwembamba, kulikuwa na kihami ambacho spini zake hazijapangika ila zote kwa pamoja zimechagua upande wa kuzungukia, kulia au kushoto, bila kulazimishwa na sumaku yoyote. Hesabu zao zilikuwa za mirija myembamba badala ya uwanja mzima, na wapo wanaobisha kuhusu hilo, lakini picha yenyewe imeendelea kujitokeza. Kimiminika hakiko kwenye msukumano mdogo wala mkubwa. Kiko pale ambapo msukumano unatosha kumfunga mtu mlango lakini hautoshi kumnyima dirisha.

Ndani ya hali hiyo elektroni inafanya jambo ambalo chembe ya msingi haitakiwi kufanya. Inagawanyika kazi. Nalifikiria hili kila ninaposimama kwenye foleni ya kivuko, magari yamegusana bampa kwa bampa na hakuna anayesogea hatua. Hata hivyo habari inasogea. Mama wa mbele kabisa anasema kuna ng'ombe kaanguka kwenye ngazi ya kivuko, na dakika tatu baadaye mwenye bodaboda wa nyuma kabisa anajua na rangi ya ng'ombe. Miili imekwama, maneno yanatembea. Katika kimiminika cha spini, chaji ni mwili na spini ni habari. Ukivunja singleti moja unapata spini mbili pweke, na kila moja inaweza kusafiri: inamchukua mwenza wa jirani, anayeachwa anamchukua wa mbele yake, na upweke unahama ilhali kila elektroni imekaa palepale. Upweke huo unaotembea unaitwa spinoni. Una spini, hauna chaji. Unaweza kubeba joto na hauwezi kubeba umeme.

Je, kuna jiwe lolote la kweli lenye tabia hii? Hapa uwanja una makelele.

Mgombea aliyetikisa zaidi alitangazwa Japani mwaka 2003 na kundi la Kazushi Kanoda: fuwele ya kikaboni ambayo molekuli zake hukaa jozi jozi, na kila jozi, yenye spini moja, ni kona ya pembetatu. Upendeleo wa spini zake kupingana ni wa kiwango cha kelvini 250 (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanza kuhesabu kwenye sifuri kamili). Waliipoza hadi kelvini 0.032, karibu mara elfu nane chini ya hapo, na spini hazikupangika. Zaidi ya hayo, fuwele hii inakaa mpakani kabisa. Ikibanwa kwa shinikizo linalozidi mara elfu moja la hewa tunayovuta, molekuli zinasogeleana, hamu inapanda, na kihami kinageuka metali. Ikipozwa chini ya kelvini 4 metali hiyo inapitisha umeme bila ukinzani wowote. Kitu kimoja, hali tatu, kwa kukaza tu.

Kisha mabishano. Mwaka 2008 kipimo cha joto kilionyesha spinoni zinazunguka kama elektroni ndani ya metali. Mwaka 2009 kipimo kingine, cha namna joto linavyosafiri, kikasema hapana, kuna kizingiti cha nishati ambacho spinoni lazima zikivuke kwanza. Mwaka 2021 timu iliyokuwa na watu wa Stuttgart ikatoa ushahidi kwamba chini ya kelvini 6 hivi spini zinaoana kwa ndoa za kudumu, zisizobadilishana wenza. Kama ni kweli, hicho hakikuwa kimiminika tangu mwanzo. Miaka kumi na minane ya kazi, na mgombea namba moja akarudishwa kwenye foleni.

Tantalamu ina hadithi iliyonyooka zaidi, na ndiyo inayostahili hasa kuitwa metali iliyogeuzwa kihami. Iunganishe na salfa au seleni katika tabaka jembamba na utapata kitu kinachopitisha umeme kikiwa cha moto. Kikipoa, atomu za tantalamu hukusanyika 13 kwa 13, kumi na mbili zikizunguka moja, umbo la nyota. Kila nyota ina elektroni 13 za kutembea. Kumi na mbili zinapata wenza, moja inabaki. Nyota zimepangika kwa pembetatu, kila moja na elektroni yake pweke, na umbali kati yao ni mkubwa kiasi kwamba hamu inashuka na faini inatawala. Mwaka 2017 K. T. Law na Patrick Lee walisema wazi kwamba hapa ndipo pa kutafuta kimiminika. Mwaka 2021 kundi la Michael Crommie, Berkeley, lilichunguza tabaka moja tu la seleni na tantalamu kwa darubini ya ncha ya sindano, likaona mawimbi hafifu ambayo umbali wake unalingana na ule unaotarajiwa kwa spinoni. Mwaka uliofuata wakadondosha atomu za kobalti juu yake, na kila atomu ya kobalti ikaonyesha dalili za kuzungukwa na spini zinazotembea, ndani ya kitu ambacho ni kihami. Mimi hili linanishawishi kuliko mengine, ingawa ni ushahidi wa mazingira: tunaona nyasi zikitikisika, mnyama mwenyewe bado.

Yako mawe ya ukoo mwingine, ambayo hayakai mpakani ila yamekataa kuganda kwa sababu ya msuko wao. Maarufu ni herbatsmithaiti, madini ya kijani ya shaba, zinki na klorini, ambayo shaba yake imepangika kwa msuko Wajapani wanaouita kagome, yaani macho ya kikapu. Pembetatu zinagusana kwenye kona tu, na katikati linabaki tundu la pembe sita. Angalia baadhi ya matenga ya kuku pale sokoni, utauona msuko huo kwa macho. Mwaka 2012 wanasayansi walioongozwa kutoka MIT walizipiga nyutroni kwenye fuwele yake. Nyutroni ikigeuza spini moja ndani ya sumaku ya kawaida hutoka na kiasi maalumu cha nishati kilichopungua, mstari mkali kwenye grafu. Wao walipata wingu. Spini moja iliyogeuzwa iligawanyika kuwa spinoni mbili zilizogawana nishati kwa uwiano wowote zilioutaka. Wakosoaji husema baadhi ya shaba imekaa mahali pa zinki na kelele zake zinachafua kipimo, na wana haki ya kusema.

Kuhusu kompyuta za kwantamu zitakazojengwa kwa vitu hivi, ambazo kila tangazo la habari huzitaja, nitasema tu kwamba huwezi kujenga nyumba kwa tofali ambalo wenye kulichoma bado wanabishana kama ni tofali.

Wiki iliyopita nilirudi mwaloni nikamkuta fundi palepale, safari hii na betri moja. "Mwangaluka, Mwalimu," akanisalimu Kisukuma. Nikamwambia nimekuja kulipa deni, nikachora mafiga mchangani, nikapanga kokoto mfano wa bao. Alisikiliza zaidi ya nilivyotegemea, akanikatiza mara moja tu kuniuliza faini analipwa nani. Kisha akaonyesha ule unga kwenye msasa wake.

"Na huu je, nao una hizo spinoni?"

Nikacheka, kwa sababu jibu ni ndiyo. Ndani ya fuwele za mrututu nusu ya atomu za shaba hujipanga kwa mistari, kila moja ikijuana na wa mbele na wa nyuma yake tu. Mstari hauhitaji mafiga. Ni mwembamba mno kuweza kushikilia mpangilio, na spini zake hazigandi. Mwaka 2013 wanafizikia walichukua salfeti ya shaba, chumvi hiihii, wakaitengeneza kwa maji mazito badala ya maji ya kawaida ili nyutroni zipite vizuri, wakaipoza hadi sehemu ya kumi ya kelvini, wakapima lile wingu na kukuta linalingana na hesabu za spinoni, mbili mbili na nne nne, karibu bila kasoro. Katika mistari hakuna anayebisha tena. Kwa joto la hapa Kirumba hutaona kitu, maana spini za mrututu husikilizana kwa nguvu ya kelvini 3 hivi, na sisi tuko karibu na 300.

Fundi aliutazama unga ule kwa muda. Kisha akafuta vidole kwenye suruali, akapaka grisi kichwa cha betri, akafunga klipu, na taa ikawaka mchana kweupe.